Redio Niliyoiunguza kwa NPN

Miaka kumi na mitatu nimekaa kwenye kibanda changu sokoni Kolwezi nikichokonoa redio za watu, halafu kitabu cha mtihani wa leseni ya redio amateri, ile ya watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, kikanionyesha kwamba sijui kitu. Mimi, fundi mzima! Kumbe transista zina aina mbili, NPN na PNP. Umbo moja, miguu mitatu ileile, lakini umeme unapita kinyume. Kwenye mchoro, tofauti ni kamshale tu: ka NPN kanatoka nje, ka PNP kanaingia ndani.

Nilicheka. Kisha nikafunga kitabu, maana kamshale kanakoingia ndani nilishakaona, kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya redio ya mama mmoja anayeuza makala, yaani mkaa, kwenye njia ya Kingamyambo. Mume wake alikuwa mgonjwa, hatoki kitandani, na starehe yake ilikuwa kusikiliza habari. Redio ilipoanza kukwaruza, mama akaniletea. Nikang'oa transista, nikaweka nyingine ya ukubwa uleule, kumbe NPN, kutoka redio mbovu. Nikawasha. Moshi! Nikamwambia bila haya, "Ilichoka, mama. Imekufa." Akanishukuru. Mwaka uleule mume wake akafariki.

Mtihani nilikuja kuufaulu, lakini siku zile sikuweza kusoma. Kila nikifungua ukurasa ule aibu inanipanda mpaka masikio yanawaka. Asubuhi moja nikafunga kibanda, nikaenda kwake, pale anapouzia.

"Mama, redio ya tata, bwana yako, ni mi niliiunguza. Nilitia transista yenye haikuwa yake."

Aliweka gunia chini. "Rudia."

Nikarudia.

"Na ile ya kukwaruza, ingepona?"

"Ingepona, mama. Ilikuwa kitu kadogo tu."

Akakaa juu ya gunia. "Mujinga weye!" Machozi yakaanza kumtoka. "Mbele ya kukuletea, niliiangusha. Uliposema imekufa, nikajua ni ile kuanguka. Nikamuambia tata ni mi niliiua. Alikasirika, weh! Hakunisemesha siku mingi. Mutu wangu alikufa akijua ni mi."

Nilisema pole, nikasema tena, na pole yenyewe nikaiona ndogo. Nililia pia, sioni haya kusema. Wateja walipokuja, niliwapimia makala mimi, sababu yeye alikuwa bado juu ya gunia, analia.