Kovu la Korosho

Moshi wa korosho zinazochomwa hauna adabu. Unaingia machoni, unaingia kooni, ukishiba unalala kwenye nguo. Juzi mkwe wangu alikuwa akizichoma uani, mimi nimekaa zangu kibarazani, akaniambia, "Baba, shule imeleta barua. Wanataka kumchanja mjukuu wako Mwanaidi. Tukubali?" Nilikuwa nimeshika bega langu la kushoto, kwa mawazo nimerudi kijijini kwetu Kwedizinga, mtoto wa miaka minane.

Shule mimi niliishia darasa la pili; yaliyobaki nilifundishwa na jembe. Kwa hiyo nasema kama nilivyoona.

Ndui ilikuwa imesikika vijiji vya jirani. Bwana afya akaja na jumbe, mkuu wa kijiji, wakatangaza: watoto wote wachanjwe, na mzazi ambaye watoto wake hawana kovu la chanjo hauzi kitu gulioni. Baba akasimama mbele ya watu. "Mwanangu si ng'ombe, hapigwi chapa. Kila mtu na mkono wake!" Wanaume wakamshangilia. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Siku ya chanjo alituficha shambani. Lakini mahindi yalitaka kuuzwa, basi akapasua maganda ya korosho mbichi, akatupaka mafuta yake begani. Anayeyajua mafuta yale anajua yanavyochoma ngozi. Nilipakwa mimi kwanza, sikulia. Mdogo wangu, naye akiitwa Mwanaidi, wa miaka mitano, akakimbilia nyuma ya kinu.

"Mshike," baba akaniambia. "Wewe si mwanamume?"

Nikamshika. "Kaka mbaya! Mbaya kama nyani!" akapiga kelele, nami nikacheka.

Vidonda vikapona, makovu yakabaki. Gulioni mgambo akatutazama mabega, akasema, "Haya mzee, pita." Baba alicheka njia nzima, akatununulia visheti.

Mgambo alidanganyika. Ndui haikudanganyika. Ilianza na mimi, ndiyo haya mashimo mnayoyaona usoni. Kisha ikamchukua Mwanaidi. Mama alimlaza juu ya majani ya mgomba, maana shuka lilikuwa likiondoka na ngozi. Wiki ya pili hakuimaliza. Baba alisema ni kazi ya Mungu. Tangu siku ile mama hakumwita tena "Baba Mwanaidi."

Miaka mingi baadaye baba alifariki, nikawa miongoni mwa waliomwosha. Nilipoinua mkono wake wa kushoto nikaliona kovu: la mviringo, limebonyea, kovu la chanjo hasa. Nilikuwa nimeliona tangu utoto, kila alipolima bila shati, nisijiulize limetoka wapi. Ujanani alikata mkonge Korogwe. Kule manamba, vibarua wa mkataba, walipangwa mstari wakachanjwa, hakuna aliyeulizwa, na hasira ya mstari ule alirudi nayo nyumbani. Hasira siilaumu. Hata mimi sipendi kuamrishwa. Lakini nyumba yetu ilikuwa na mkono mmoja tu uliokingwa, wa yule aliyesema kila mtu na mkono wake. Mkono aliouchezea ulikuwa wa Mwanaidi, na aliyeushika ni mimi.

Basi pale kibarazani nikamwambia mkwe wangu akubali, ila mtoto aelezwe kwanza, asiburutwe. Mjukuu wangu, aliyebeba jina la marehemu mdogo wangu, akaja akanigusa bega. "Babu, na wewe walikuchanja hapa?"

Umri wangu wote watu wameniuliza hivyo, na umri wangu wote nimejibu ndiyo.

Juzi nilisema hapana.