Kibuyu cha Togwa Ng'ambo ya Kijito

Togwa ikiwa tayari huongea. Usicheke. Tega sikio kwenye shingo ya kibuyu kilichozibwa kwa gunzi, utaisikia, chwi, chwi, chwi, kama wanawake wawili wanaosengenya nyuma ya jiko na hawataki wewe usikie. Halafu toa gunzi. Itakupiga puani harufu ya ulezi uliochachuka, na moshi kidogo, maana kibuyu cha Bibi kilikaa juu ya dari la jiko miaka yote. Kwetu ilikuwa kijiji cha vilima, nusu siku kwa miguu kutoka Ilula, na mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa hivi, katikati ya miaka ya hamsini, msichana mwenye miguu kama fito na mdomo uliokuwa ukitangulia kufika kila mahali kabla yangu. Kiangazi kile ndicho nataka kukisimulia, kiangazi ambacho nyumba nzima iliishi kwa kusubiri habari za tumbo la baba yangu.

Baba alikuwa ameondoka mzima kwenda kuchimba dhahabu Makongolosi. Akarudi kwa lori kupitia Mbeya, siku tatu za vumbi, na aliposhuka nilidhani ni mtu mwingine aliyeazimwa koti la Baba. Mashavu yameingia ndani, tumbo limekaza kama ngoma. Kila alichokula kilikaa humo humo kikimnung'unikia. Kwenye zahanati ya misheni walimpa dawa, akazimaliza zote, wakamwambia ale vyepesi na ajitahidi kutembea. Yeye akashika lile la kula vyepesi, la kutembea akalisahau. Akalala. Mama alikwenda shambani peke yake na mdogo wangu mgongoni, na kila asubuhi Bibi, mama yake Baba, alisimama mlangoni na kuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni, "Umepata choo leo?" Baba, mwanamume mzima mwenye ndevu, alijifunika blanketi usoni. Sisi tulisubiri jibu hilo kama watu wa siku hizi wanavyosubiri taarifa ya habari.

Siku moja akaja Baba Mkubwa, kaka yake Baba. Mtu mzuri tu, si mkali, ila alikuwa na tabia ya kuongea juu yako mbele yako kana kwamba wewe ni mbuzi. Alikaa kwenye kigoda akasema, "Mdogo wangu, shamba ni kubwa na mke wako ana mikono miwili. Mvua ikianza na wewe bado umelala hapo, huyu mtoto atoke shule amsaidie mama yake." Baba aligeukia ukutani. Mtoto mwenyewe ni mimi. Nilikuwa darasa la tatu. Nilipenda kusoma, na pia, niseme ukweli, shule ndiyo ilikuwa mahali pekee ambapo watoto arobaini walicheka mimi nikitaka wacheke.

Baba Mkubwa alipoondoka, Bibi aliingia ndani, akachukua bakuli la togwa lililokuwa kando ya kitanda na kutoka nalo. "Mnampelekea kitandani kama mzazi," alimwambia Mama. "Kwani amezaa?" Kwetu, watu wakialikana kulima shamba la mwenzao, mgowe tunauita, chungu cha togwa hakiwekwi mnapoanzia. Kinawekwa kule mwisho wa matuta. Mwenye kiu alime mpaka akifikie. Bibi akaamua kumlimisha mwanawe bila jembe. Siku ya kwanza kibuyu kiliwekwa nje ya mlango. Wiki hiyo hiyo kikafika kwenye kichuguu nyuma ya zizi. Kisha Bibi akasema sasa kivuke kijito, kikae kwenye lile jiwe kubwa la ng'ambo, na mpelekaji niwe mimi, asubuhi kabla ya kwenda shule.

Togwa yenyewe ilikuwa kazi. Ulezi uliloweshwa, ukatandazwa na kufunikwa mpaka ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa kwa jiwe ukawa kimea. Bibi alipika uji wa mahindi, akaupoza mpaka kidole kiweze kuvumilia ndani yake, ndipo akatia kimea na kuuacha ulale. Kesho yake ulikuwa mwepesi, mtamu wenye uchachu wa kukunja jicho moja. Wa siku ya tatu hakumpa Baba, alisema huo umeanza kufikiria kuwa pombe.

Siku ya kwanza ya jiwe nilijificha kwenye vichaka kumwangalia. Ilinigharimu fimbo mbili za kuchelewa shule. Baba alifika kijitoni, akainama, akashika magoti, akabaki hivyo mpaka nikadhani amesinzia. Jasho lilimtoka na hewa ilikuwa ya baridi. Jioni nikamnong'oneza, "Baba, kesho nitakiacha kwenye kichuguu. Bibi hatajua." "Una huruma wewe," akasema. Hakusema nisifanye.

Basi tukawa wezi wawili. Siku nane nzima kibuyu kiliishia kwenye kichuguu, Baba akanywa, akakaa kivulini muda wa kutosha wa kwenda na kurudi, akarejea nyumbani akihema kwa ufundi. Bibi hakuelewa. Alikuwa akiongeza kimea, anabonyeza tumbo, bado ngoma. Mama alianza kunionyesha namna ya kushika jembe fupi, kimya kimya, bila kuniangalia usoni, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Siku ya tisa Bibi alipindua kibuyu ili akioshe, akakwangua kitako chake kwa ukucha. Akaniita. "Mjukuu wangu, kule kwenye jiwe udongo una rangi gani?" Nikasema mweusi. "Na huu?" Ulikuwa mwekundu kama tofali, udongo wa kichuguu, na ndani yake mchwa mmoja aliyekuja kutoa ushahidi. Nilingoja kofi. Bibi alikaa chini tu. "Unampenda baba yako," alisema, "na unamuua. Na shule unaiua wewe mwenyewe kwa mikono yako." Heri lingekuwa kofi.

Adhabu ikawa hii: kila siku nikitoka shule, nibebe kibuyu kichwani, nitangulie, nikakae nacho juu ya jiwe mpaka Baba afike. Kukaa juu ya jiwe bila kuongea mimi siwezi. Kwenye mgowe wanaotangulia huwazomea wanaobaki nyuma, kwa hiyo nikamzomea mzazi wangu kwa idhini ya mama yake. "Baba, konokono amekupita! Anauliza kama una salamu za kupeleka huku mbele!" Siku za mwanzo hakujibu, pumzi haikuwepo. Alinyanyua tu fimbo yake kunionya. Lakini alikuja. Akinifikia alikunywa taratibu, macho yamefumbwa, mimi nikiona koo likipanda na kushuka. Bibi akakisogeza kibuyu tena, mpaka nusu ya kilima. Siku moja nikapiga kelele zangu za konokono, na kutoka kule chini ikaja sauti, "Mwambie aniachie kidogo!" Nikashuka mbio kumwambia Bibi kwamba Baba amefanya mzaha. Kesho yake asubuhi swali la mlangoni lilijibiwa bila blanketi. Bibi akapiga vigelegele kwa ajili ya choo. Majirani walidhani kumezaliwa mtoto.

Wingu la kwanza lilipoonekana, mgowe ukaitishwa shambani kwetu. Baba Mkubwa alikuja na jembe lake. Baba naye akachukua lake, akashika tuta la pembeni kabisa, na Bibi akaweka chungu mwisho, mahali pa siku zote, hakukisogeza hata hatua. Wote walimaliza, wakanywa, wakakaa. Baba alikuwa bado katikati, analima, anasimama, analima. Hakuna aliyemzomea. Mgonjwa hazomewi. Nikasimama. "Baba, konokono amekupita!" Akaegemea mpini, akahema, akacheka. "Mwambie aniachie!" Alifika jua limeshageuka. Alipomaliza kunywa, Baba Mkubwa alipokea kata mikononi mwake, akanitazama mimi, safari hii kama mtu. "Kesho si siku ya shule?" akauliza. "Basi kalale mapema."

Nilisoma mpaka darasa la nne, shule yetu ilipoishia. Baba alilima miaka mingi baada ya hapo. Kama ilikuwa togwa, au dawa za misheni zilizochelewa, au hasira ya kuzomewa na mtoto, mimi sijui. Sasa naishi Iyunga, mjini Mbeya, kwa mjukuu wangu, binti anayelipia chumba chenye mashine za kukimbilia mahali pamoja na anayenunua vichupa vya maziwa yaliyochachushwa kwa ajili ya tumbo. Vizuri, vitamu mno. Kosa lake ni kuniletea kitini. Tangu daktari aseme tumbo langu nalo limekuwa zito kupata choo, nimemwambia kichupa akiweke getini, juu ya tofali. Kutoka kwenye kiti changu hadi getini ni mbali siku hizi, magoti yana maoni yao. Jana nilisimama katikati ya uwanja nimeshika fimbo, natafuta pumzi, na yeye akaegemea geti, mtoto asiye na adabu, damu yangu kabisa.

"Bibi, konokono amekupita!"

Nikangoja mpaka pumzi ikarudi.

"Mwambie aniachie kidogo."