Nani Anafua Viatu Vyangu?

Jumatatu moja ya mwezi wa pili nilifungua kabati langu la viatu pale mlangoni mwa shule, nikakuta viatu vyangu vya ndani, vile vya kitambaa tunavyobadilisha tukiingia, vimefuliwa.

Sio kufutwa. Kufuliwa. Vyeupe pe, kamba zimetolewa na kurudishwa, na bado vinanukia sabuni.

Sikuvifua mimi. Mke wangu naye hakuvifua, maana Ijumaa niliviacha hapohapo shuleni, vyeusi kama sufuria ya kuni.

Nikavivaa nikaenda darasani. Mtu aliyechoka hana muda wa maswali.

Naitwa Mcharo, mtu wa Wundanyi, na huo ulikuwa mwaka wangu wa nne kufundisha Kiingereza kwenye sekondari ya mji mdogo wa Kijapani huko Akita. "Kufundisha" nasema kwa heshima tu. Kazi yangu kubwa ni kusimama mbele na kusema "Hii ni kalamu," watoto thelathini na wawili waitikie, niseme tena, waitikie tena. Vipindi vitano kwa siku. Mchana nakula nao darasani, na kila siku lazima mmoja aniulize kama naweza kutumia vijiti, huku ananitazama nikivitumia.

Mwaka huo nilikuwa nimechoka mpaka kope. Mke wangu Mghoi alikuwa na mimba ya miezi sita na hali yake haikuwa nzuri. Nikitoka kazini napika, naosha vyombo, nampeleka hospitali. Na mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, jibu hutoka mwezi wa tatu. Nisipoongezwa, kibali cha kuishi kinaisha, mtoto anazaliwa hatujui tuko wapi. Nililala na hilo, nikaamka na hilo.

Jumatatu ya pili, viatu vyeupe tena.

Ya tatu, vilevile.

Nikamwambia Nakazato, kijana tunayefundisha naye. Akacheka hadi akashika meza.

"Kaka, umepata mchumba na hujatuambia!"

"Acha mzaha. Hapa watoto ndio hubeba viatu vyao nyumbani kufua kila Ijumaa. Mtu mzima anafuliwa na nani?"

Akapunguza sauti. "Sikiliza. Hapa mtu hakwambii unanuka. Anainuka anafungua dirisha. Wewe umefunguliwa dirisha, kaka."

Ikaniingia. Kumbe naambiwa mchafu!

Na wa kuniambia hivyo nilimjua: naibu mkuu, Mama Hirasawa. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, koti la michezo mwaka mzima, wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka. Kila asubuhi macho yake yalianzia miguuni mwangu ndiyo yapande usoni. Wiki hiyohiyo alinisimamisha kwenye korido.

"Mwalimu Mcharo, siku hizi unaonekana umechoka. Vipindi vikiisha nenda nyumbani mapema."

"Niko sawa, Naibu."

"Nenda tu. Hapa tutamalizia."

Mimi nikasikia: huhitajiki.

Ijumaa hiyo nilisahau glavu, nikarudi kuzichukua saa kumi na moja. Nyuma ya ukumbi wa michezo kuna bomba. Nikamkuta amechuchumaa kwenye theluji, viatu vyangu kwenye beseni, brashi mkononi, vidole vimekuwa vyekundu kama nyama. Hakuniona.

Mtu mwenye akili angemwendea akauliza. Mimi nilipandwa na hasira nikaondoka.

Ijumaa iliyofuata nikawahi. Kengele ya mwisho ilipolia tu, viatu nikavitia kwenye mfuko, nikavibeba nyumbani. "Leo utafua upepo," nikasema moyoni, na nikajiona mjanja.

Jumapili Mghoi akazidiwa. Tulishinda hospitali, tukalala huko, na Jumatatu nikatoka wodini moja kwa moja hadi shuleni. Nafungua kabati, tupu. Viatu viko nyumbani, ndani ya mfuko, na uchafu wake wote.

Nikavaa slipa za wageni. Zile za kijani zenye maandishi ya dhahabu, fupi, kisigino kinaning'inia nje. Ukitembea zinapiga makofi. Sikuwa nimezivaa tangu siku yangu ya kwanza pale.

Kipindi cha pili mlango wa nyuma wa darasa ukafunguliwa. Wakaingia watu watatu wa ofisi ya elimu, suti nyeusi, mafaili kifuani. Ilitangazwa kwenye kikao cha asubuhi wiki mbili nyuma, mimi nikiwa nimelala macho wazi.

Nikapanda jukwaa la ubaoni. Slipa moja ikabaki chini. Nyingine ikaruka, ikatua kwenye meza ya msichana wa mbele.

Darasa likavunjika mbavu. Msichana wa watu akainuka, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote kama anayekabidhi cheti. Wale watatu hawakucheka. Mmoja alitazama miguu yangu, akaandika kitu.

Mchana nikamfuata Hirasawa kabla hajaniita.

"Naibu, viatu nilivichukua mimi. Nimechoka kuambiwa mchafu kwa brashi. Kama sifai, niambie kwa mdomo."

Akafunga mlango wa ofisi.

"Mwalimu aliyekuwa hapa kabla yako hakuongezwa mkataba," akasema. "Watu walewale walikuja, wakaandika: viatu vichafu, hajali shule. Mimi niliviona vikichafuka muhula mzima. Nikasema huyu ni mtu mzima, nikimwambia nitamwaibisha. Nikanyamaza. Akaondoka."

"Sasa mimi kwa nini hukuniambia?"

"Mkeo anaumwa. Unafika hapa huna hata nguvu ya kufunga kamba. Nikuongezee na aibu?" Akaficha mikono yake chini ya meza. "Kusema kulinishinda. Nikaona nifue."

Nilikosa pa kuweka uso.

Mwezi wa tatu barua ikaja. Nimeongezwa mwaka.

Sikuelewa imekuwaje mpaka Nakazato aliponiambia, tukiwa tunafuta ubao.

"Kwani hujui? Siku ile ya slipa Naibu aliwafuata wale watu mpaka kwenye gari. Akainama hadi kiunoni. Akasema viatu vyako alivifua yeye bila kukuomba, havikukauka, akakuacha huna cha kuvaa. Kosa ni lake, waandike jina lake."

"Naibu mkuu alisema amefua viatu vya mwalimu? Mbele za watu?"

"Na mwalimu mkuu amesimama pale. Mimi ndiye niliyeshika mwavuli, kaka. Sikujua nitazame wapi."

Wiki iliyofuata uhamisho wa walimu ukatoka gazetini, kama kila mwaka. Jina la Hirasawa lilikuwemo: shule ya milimani, saa mbili kwa gari. Watu walisema miaka yake ilikuwa imefika, ni zamu yake tu. Huenda. Mimi sikuthubutu kuuliza.

Jioni kabla ya siku yake ya mwisho nilichukua viatu vyake vya ndani kabatini. Vilikuwa vimechakaa kuliko vyangu, soli imelika upande mmoja. Nikachuchumaa kwenye bomba lilelile. Maji yale ya baridi yaliniingia hadi kwenye mfupa, na huo ulikuwa mwisho wa mwezi wa tatu. Yeye alifua mwezi wa pili. Nililia pale, sina haja ya kuficha.

Asubuhi alikuja kuvichukua. Akafungua kabati. Akakigeuza kimoja, akakibonyeza kwa kidole. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Havijakauka," akasema bila kugeuka.

"Kosa langu, Mama. Nilivifua bila kukuomba."

Mabega yake yakatikisika. Sijui alicheka au alilia. Akavitia kwenye mfuko wake, akanigeukia, akainama.

"Pole na kazi, Mwalimu Mcharo."

Binti yetu alizaliwa mwezi wa tano. Kila Ijumaa nabeba viatu vyangu nyumbani kufua, kwenye foleni moja na watoto.

Nawe unayesoma hapa, ukiona mtu anakufanyia jambo kimyakimya, muulize kwanza kabla ya kumnunia. Mimi nilikuja kuuliza nikiwa nimeshavaa slipa za wageni.