Kipande cha Koti Juu ya Nguzo

Jamani, kuna aibu mtu huoga nayo ikakataa kutoka. Yangu ilibaki juu ya nguzo ya stima katika soko moja kwenye njia ya kwenda mji wa Maua, na mpaka leo nikipita hapo huangalia upande ule mwingine kama mtu anayekagua migomba.

Enzi hizo nilikuwa fundi wa laini za umeme na katibu wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi wa stima, na uenyekiti wa tawi niliutaka kuliko chakula. Mwenzangu Mutwiri naye aliutaka. (Mimi ndiye niliyemfundisha kupanda nguzo, kumbukeni hilo.) Lakini Mutwiri alikuwa na ulimi wa asali, alishaanza kunyemelea udiwani, na akivaa suti kina mama walimwita mheshimiwa. Wivu ulinila. Hata kicheko chake kiliniuma.

Siku ya kuwasha stima pale sokoni, laini niliyoivuta mimi na kikosi changu kwenye mvua, nikasikia kwamba atakayebonyeza swichi ni Mutwiri. Nikaenda nikanunua koti, nami nionekane mheshimiwa. Nikasimama nyuma ya umati nikimsikiliza akisema, "Tumewaletea mwangaza" (yeye na nani?), nikaamua kajambo kadogo tu, nipande nguzo iliyokuwa hapo nyuma, nijifanye nakagua waya, watu waone stima huletwa na nani.

Nikapanda na koti langu. Watu wakageuka wote, Mutwiri akabaki anahutubia migongo, na mimi nikafurahi mpaka nikapunga mkono. Pasta akaiombea stima, maombi marefu, yalipoisha nikataka kushuka, kumbe pindo la koti limenaswa na nati kule juu, na mkanda wa usalama nimeufunga juu ya koti hilohilo, kwa hivyo hata kulivua siwezi.

Sasa kwetu kuna sheria ambayo hata mwanagenzi haivunji: mtu akiwa juu ya nguzo, swichi haiguswi. Sherehe nzima ikasimama kuningoja.

"Baba Kendi, si ushuke watu wawashiwe," akaniita mama mmoja muuza ndizi.

"Bado nakagua."

"Unakagua nini na chakula kinapoa?"

Ndipo Mutwiri akavua koti lake, akampa mke wangu amshikie (mke wangu, jamani), akavaa viatu vya kupandia, akanifuata juu.

"Tulia, Gitonga," akaninong'oneza. "Usiangalie chini."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Akalikata koti langu kwa kisu, akanishusha polepole vile nilivyomfundisha mwenyewe, na kina mama wakampigia vigelegele kabla hajabonyeza chochote. Kipande cha koti kikabaki kinapepea kule juu, maana stima ikishawashwa, nani atapanda kutoa kitambaa?

Uchaguzi wa tawi ulipofika, wenzetu wakasema aliyemwokoa mwenzake nguzoni ndiye atakayetutetea kwa mabosi. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu. Ningefanya nini, na wote walikuwa wananiangalia?

Niliapa siku hiyo kwamba wivu ukinishika tena, nitauona nikiwa nimesimama chini. Kuuacha kabisa siwezi, sitawadanganya. Yule mtu alikuja kuwa diwani, na mke wangu alimpigia kura.