Baba Alipoacha Baiskeli

Mwezi uliopita niliteremka stendi ya Shinyanga nikaamua kwenda mtaa wa Ngokolo, kwa wajukuu zangu, kwa miguu. Vijana wa bodaboda walinizunguka, kila mmoja akitaka kunibeba mimi bibi kizee. Nilipowaambia natembea, mmoja alinihurumia waziwazi, akidhani nimeishiwa nauli. Sikuudhika, ndugu yangu. Nilimkumbuka baba, maana yeye walimwona kichaa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja sokoni. Alikaa kwenye kiti chake tangu asubuhi hadi jua lizame, kisha akarudi nyumbani kwa baiskeli, ambayo aliipangusa kuliko alivyotupangusa sisi watoto. Mama alipika ugali wa mtama kwa mlenda, na kiangazi tulikula michembe, vile viazi vilivyokaushwa, kwa karanga za kusaga. Baba alikula kwa raha zake. Tumbo likaja, pumzi ikawa fupi, miguu ikaanza kuvimba. Babu alianza hivyohivyo, akazikwa kabla sijazaliwa.

Tabibu wa zahanati alimwambia apunguze chumvi na atembee kila siku, hata kama hana anakokwenda. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Usukumani watu walitembea mno: kisimani, mnadani, nyuma ya ng'ombe. Lakini mtu mzima atoke tu, aende na kurudi mikono mitupu? Hatukuwahi kuona.

Asubuhi ya kwanza mama alinitaka niandamane na baba, asije akaanguka peke yake. Nilikuwa na miaka minane. Umande ulilowesha miguu, na moshi wa kuni ulitambaa juu ya nyua za minyaa. Hatukufika hata relini. Baba alisimama mara tatu akijifanya anatazama pamba za watu. Jirani yetu, muuza maziwa, alituamkia, "Mwangaluka," akauliza tunakwenda wapi.

"Natembea," baba akajibu.

Jirani aliendelea na maziwa yake sokoni. Kufika adhuhuri soko zima lilijua kwamba fundi kauza baiskeli. Wengine walisema karogwa.

Mama aliona aibu. Akamsihi abebe japo kikapu, watu wadhani ana safari ya maana. Baba akakataa.

"Nikibeba kikapu leo," alisema, "siku nisipokuwa na cha kubeba nitabaki nyumbani."

Akaendelea, jogoo wa pili akiwika, kabla hajagusa cherehani. Baada ya wiki kadhaa tulifika relini, kisha tukavuka. Suruali zake alizipunguza kiunoni mwenyewe, mara mbili.

Masika yakaingia, na habari ikaja kutoka Tinde kwamba bibi, mama yake baba, yu hoi. Barabara ilikuwa imejaa maji. Malori yalikwama, na udongo mweusi wa mbugani ulinata kwenye magurudumu ya baiskeli hata yasizunguke. Mama alimwomba angoje maji yapungue. Baba alivua viatu, akavifunga kamba na kuvitundika begani, akachukua michembe na fimbo, akaondoka alfajiri.

Tulikaa siku tano bila habari. Maji yalipopungua alirudi juu ya lori, tope la kulisukuma limemkaukia hadi magotini, akatusimulia. Alifika giza limeshaingia. Bibi alifumbua macho, akamuuliza gari gani limemleta.

"Nimekuja kwa miguu, mama."

Bibi aliitazama miguu yake yenye tope. "Umri huu baba yako alikuwa hawezi kufika kisimani," alisema, kisha akaomba uji. Alipona, akaishi mavuno mengine mawili.

Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Muuza maziwa akaanza kutembea nasi, kana kwamba tulipatana zamani. Baba tulimzika amepita themanini.

Njia ile sasa imelala chini ya lami. Minyaa imeng'olewa, kuta za matofali zimesimama, na pamba zimegeuka nyumba. Hata salamu zimekwisha. Pikipiki hazisimami kuamkiana. Baba hakuwa na saa, lakini muda wa kutembea aliupata kabla kazi haijaumaliza. Wajukuu zangu wana saa mkononi na nyingine ndani ya simu, nao huniambia hawana muda.

Kesho alfajiri nitawagongea mlango.