Kiti cha Mashairi cha Heledd Bowen

Mererid Probert alizaliwa nyumba ya tatu kutoka geti la mgodi. Baba yake, aliyekohoa vumbi la makaa mpaka likamuua, hakumwachia wosia mwingine ila huu: shika kitabu, utoke huku. Akakishika. Akaenda chuo kikuu, kisha akarudi kulekule kufundisha Kiwelisi, lugha yetu ya Wales, katika shule yetu ya serikali, ile kubwa ya mlimani. Mimi nilifundisha jiografia chumba cha pili na ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo namjua. Alikuwa mkali, mcheshi, na aliwapenda watoto kwa dhati. Natanguliza hilo kwa sababu nitakayoyasimulia hayatampamba.

Shule yetu ilikuwa na wanafunzi elfu moja na mia sita, na kwa kufaulisha hakuna shule ya mabonde yale iliyotufikia. Miaka ile serikali ilizipa shule rangi kwa kadiri ya matokeo, na yetu ilikuwa kijani, rangi ya shule bora. Kijani hicho kilitulevya. Watu walihama nyumba ili watoto wao wapate nafasi kwetu. Mkuu wa shule, Gethin Rowlands, mtu wa kuvaa suti hata siku ya michezo, alijua jambo ambalo sote tulilijua na hakuna aliyelitaja: mtoto akiondoka kabla wanafunzi hawajahesabiwa Januari, matokeo yake si ya shule tena.

Mwaka mmoja zamu ya kuondolewa ilimwangukia Heledd Bowen, wa darasa la mtihani. Mama yake, Delyth, alifua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee tangu alfajiri, na Heledd ndiye aliyebaki na bibi yake aliyepotewa na kumbukumbu. Alichelewa karibu kila siku, na hisabati na sayansi zilimshinda kabisa. Mererid ndiye aliyesimamia darasa lile, basi Gethin akamtuma yeye. Akaenda kwa Delyth mara tu shule ilipofunguliwa Januari, akanywa chai yake, akamweleza kwa upole kwamba shule inamchosha mtoto, kwamba akisomea nyumbani atapumua, na kwamba mama akiandika mistari miwili tu ya kumtoa shuleni inatosha. Delyth, ambaye naye alifundishwa na Mererid, akauliza kama ni lazima. Akaambiwa si lazima, ila ndiyo njia nzuri. Akaandika. Mwalimu wako wa zamani akikushauri jikoni kwako, utambishia nini? Nilimkasirikia Mererid siku ile aliponisimulia, na hasira hiyo haijanitoka.

Sasa, kwetu tarehe mosi Machi ni siku ya mashindano ya nyimbo na mashairi. Watoto hubandika maua ya njano kifuani, ukumbi hunuka makoti yaliyoloa, na zawadi kubwa kuliko zote ni kiti cha mwaloni kilichochongwa na wanafunzi wenyewe, akikalie aliyetunga shairi bora. Mashairi hupokewa kabla ya Krismasi, yamepigwa chapa, kila moja kwa jina la kubuni. Jina halisi hubaki ndani ya bahasha mpaka siku yenyewe. Mwamuzi alikuwa Mererid.

Akapanda jukwaani akalisifu shairi la mtu aliyejiita Dirisha. Lilikuwa juu ya bibi anayemuuliza mjukuu kila asubuhi yeye ni nani, na mjukuu kila asubuhi anajipa jina jipya ili wote wawili wacheke. Alisema katika miaka yake yote hajasoma la mwanafunzi linalolifikia. Taa zikazimwa, tarumbeta ikalia, akamwita Dirisha asimame popote alipo.

Hakusimama mtu. Tarumbeta ikalia tena. Watoto wakaanza kugeuza shingo, wa nyuma wakachekana. Mererid akaichana bahasha, akasoma, nikamwona akishika ukingo wa meza. Gethin akamwinamia na kumnong'oneza ampe mshindi wa pili. Mererid akasema kwenye kipaza sauti kwamba mshindi hayupo, akashuka. Kwa desturi mshindi akisimama mbele ya kiti watu huulizwa mara tatu kama kuna amani, nao hujibu kwa kelele kwamba ipo. Siku hiyo hatukuulizwa. Asiyekuwepo na lake halipo. Tukaimba wimbo wa taifa mbele ya kiti kitupu, tukaenda kula.

Mchana Mererid akanivuta twende wote kwa Gethin, akamwomba amrudishe Heledd.

"Mererid, yule si mtoto wetu tangu Januari," Gethin akasema. "Mama yake mwenyewe kaandika."

"Niliyemshawishi aandike ni mimi."

"Basi unajua kwa nini."

Akaongeza kwamba mtihani ukishapita binti anakaribishwa kuja kuchukua kiti chake, na picha atapigwa.

Mererid hakungoja. Masomo yalipokwisha tukakipakia kiti kwenye gari langu, mvua ikitunyeshea, tukateremka mpaka kwa akina Bowen. Delyth alifungua mlango akiwa bado na sare ya kazi.

"Mwalimu. Safari hii umekuja kuchukua nini?"

"Nimemletea Heledd kiti. Ameshinda, Delyth. Hakuna hata mmoja aliyemkaribia."

"Viti tunavyo," Delyth akasema. "Mwanangu basi la shule likipita anajifungia chooni asilione. Mrudishe darasani. Hicho kaa nacho."

Heledd akatokea nyuma ya mama yake, mikono ina povu la sabuni. Ndani bibi alikuwa akiita jina ambalo si la yeyote wa nyumba ile. Yule binti hakukitazama hata kiti.

"Kwa hiyo Jumatatu naweza kuja, Mwalimu?"

Mererid alijua kusema maneno matamu. Nyumba ile ilikwisha kuyasikia. Safari hii alisema hapana. Akasema amekwenda kuomba, na amekataliwa.

Heledd akaitikia kwa kichwa. Mererid akajaribu kukiinua kiti, kikamponyoka. Mimi nilikuwa nimekwama na mlango wa gari. Basi Heledd akapangusa povu kwenye sketi, akatoka mvuani na soksi zake, akashika upande mmoja, akamsaidia mwalimu wake kukirudisha garini.