Siku Nilipoificha Akili Yangu Kiwandani

Nafanya kazi katika kiwanda cha unga hapa Kitale. Redioni nilisikia kwamba kampuni za teknolojia zinaunda mashine za kusoma mawazo, nikaapa kwamba yangu hakuna atakayeyachungulia, hata mdosi anayenilipa mshahara.

Wiki jana wakaja wapimaji wa afya. Nesi akanivika kitu kichwani kilichoziba masikio yote mawili. Mimi mjuaji, nikajua ndiyo hiyo mashine. Nikafumba macho, nikaomba kimoyomoyo kwa nguvu zangu zote: "Bwana, funika mawazo yangu, mdosi asijue nimepata kazi Bungoma!"

Nesi akanivua kile kitu haraka. "Mzee, hii ni ya kupima masikio tu. Mbona unapiga kelele?"

Nikageuka. Mdosi alikuwa amesimama mlangoni.

"Ati Bungoma unaenda lini?"